Kibao cha Zedekiah

Jirani yetu Everlyn Awiti si mtu wa kutishika ovyo. Ni yule mama anayeua panya kwa kandambili kisha akaendelea na ugali wake. Kanisani, mtu akishuhudia kuhusu paka aliyeongea au nyumba iliyotupiwa mawe na wasioonekana, Everlyn huangalia saa. Kwa hivyo tulipoanza kumwona akitoka kila asubuhi, hata Jumapili, hata sikukuu, akitembea haraka na mkoba kifuani, akirudi baada ya nusu saa bila kununua chochote, tulimuuliza anakimbilia wapi. Alikataa kusema kwa muda mrefu. Siku alipokubali, alituomba kwanza tufunge mlango, na ilikuwa saa sita mchana.

Everlyn anafanya kazi kwenye makumbusho ya stima, ya vitu vya umeme. Wengi wenu hamjafika huko, na hamna hatia, kwa sababu ni kanyumba ka mawe tu nyuma ya maduka ya Adams Arcade, kakiwa na kibao cha barabarani ambacho mti umekifunika. Zamani palikuwa kituo kidogo cha kugawa stima kwa mitaa ya upande huo wa Nairobi. Kituo kilipohamishwa, Mzee Gichuru, mhandisi mstaafu ambaye ukoo wao uko Dagoretti tangu enzi za mababu, alilinunua jengo hilo akalijaza vitu ambavyo mkewe alikuwa amechoka kuvipangusa nyumbani. Kuna pasi za makaa, halafu pasi za stima zenye waya wa kitambaa. Kuna majiko ya koili, redio kubwa kama kabati, friji yenye mlango wa mviringo, na balbu za kila umri, kuanzia zile zenye uzi mnene ndani hadi hizi za leo zisizopata moto.

Everlyn ndiye anayefagia, anayewaongoza wageni na kuandika kadi za maelezo. Mumewe, Jackton Ochola, ni fundi wa laini, wale wanaopanda nguzo za umeme, katika kampuni moja ya kandarasi. Taa zote zinazowaka mle ndani alizifunga yeye, Jumamosi mbili mfululizo, kwa malipo ya chai na mandazi. Nyumbani kwao stima ni mazungumzo ya kila siku, na watoto wao wawili, Stacy wa kidato cha pili na mdogo wake, walijua kupima waya kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Mwisho kabisa wa jengo, ukutani, kuna ubao wa jiwe jeusi uliobaki tangu siku za kituo. Katikati yake kuna mkono mmoja wa chuma, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Ukiuinua, laini inawaka. Ukiushusha, laini inazima. Au ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu nyaya za nyuma Mzee Gichuru alizikata mwenyewe, na vigutu vyake vinaonekana. Kwenye ule mkono kulikuwa na kibao cha bati kimefungwa kwa waya, rangi nyekundu imebanduka karibu yote. Ungekisogelea ungesoma: USIWASHE. MTU YUKO JUU. Chini yake, kwa msumari, mtu alikwaruza jina: ZEDEKIAH.

Hiyo ni sheria ya mafundi wa laini, na Everlyn aliijua hata kabla ya kuajiriwa. Kila fundi ana kibao chake. Kabla hajapanda nguzo, anakitundika kwenye swichi kwa mkono wake. Akishuka, anakuja kukitoa kwa mkono wake. Mtu mwingine hakigusi, awe msimamizi, awe mwenye kampuni. Mtaa mzima unaweza kukaa gizani ukimngojea mtu mmoja amalize chai yake.

"Na huyu Zedekiah alienda wapi?" Everlyn alimuuliza Mzee Gichuru juma lake la kwanza kazini.

Mzee alifuta miwani yake muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Alipanda laini ya Loresho, miaka mingi. Hakurudi kukitoa."

"Si walimtafuta?"

"Nguzo waliiona. Ngazi waliiona." Akavaa miwani. "Hapo, mama, wewe upanguse pembeni tu."

Miaka minne alipangusa pembeni.

Julai ya mwaka jana Mzee Gichuru alifanyiwa upasuaji wa goti, na binti yake, Hannah Waithera, akashika usukani. Hannah si mtu mbaya. Ni wale watu wenye haraka ambao wakiona kitu kizee wanaona uchafu. Shule moja ilikuwa imeomba kuleta watoto siku ya Jumatano. Jumanne jioni Hannah alipita akikagua, akasimama mbele ya ule mkono, akakunja pua.

"Hii hata haisomeki, Everlyn. Inakaa takataka. Si bwana yako ako na hizi vitu? Leta moja safi watoto wasome."

Everlyn alikumbuka kwamba kwenye droo yao kulikuwa na kibao cha zamani cha Jackton. Kampuni ilikuwa imewapa vipya vyenye kufuli, na hiki cha plastiki ya njano kikabaki bure. Kilikuwa na maneno yaleyale, na chini jina lake kamili kwa kalamu nyeusi. Asubuhi Jackton aliondoka mapema, na Everlyn hakuona sababu ya kumpigia simu kwa ajili ya kipande cha plastiki. Alikitia mkobani akaenda kazini. Mke wa mtu mwingine asingekuwa na kitu kama hicho ndani ya droo, na hilo ndilo linalomuuma hadi leo.

Saa tatu asubuhi alipanda juu ya stuli akiwa na koleo la kukatia waya. Hakulihitaji. Waya ulikatika alipougusa tu. Kibao cha bati kikamwangukia kiganjani.

Wakati huohuo kitu kizito kiliangukia paa.

Mabati yalilia mara moja, kisha kimya. Everlyn alitoka nje akazunguka jengo lote, akiinua shingo. Hakukuwa na tawi lililovunjika, wala jiwe, wala mtu. Akarudi ndani, akatia bati mfukoni mwa aproni, akakitundika kile cha Jackton. Ule mkono wa chuma ulikuwa na joto. Alijiambia ni jua. Ilikuwa juma la nne Nairobi haijaona jua.

Watoto walifika saa nne, arobaini na wawili, na sweta zao za kijani. Aliwapitisha kwenye pasi, kwenye friji, kwenye balbu zilizofungiwa ndani ya kabati la kioo. Mwisho akawafikisha kwenye ubao, kwa sababu watoto wote hupenda kuvuta ule mkono. Unalia ka! hadi unausikia kwenye meno. Walisoma kile kibao kwa pamoja, kwa sauti ya darasani: "Usiwashe. Mtu yuko juu. Jackton Ochola."

Msichana mmoja, Ciru, hakusoma na wenzake. "Sasa kama yuko juu," aliuliza, "si tutamchoma?"

Everlyn akacheka. "Hii haijaungwa na kitu, mum. Hebu wewe ndiye uanze."

Ciru akauinua. Ka!

Ndani ya kabati la kioo, balbu kuukuu kuliko zote, ambayo haina waya wala soketi, iliwaka. Nyekundu. Ikakaa hivyo kwa muda wa pumzi mbili, kisha ikafifia. Watoto walipiga makofi. Mwalimu wao alipiga makofi. Everlyn aliushusha mkono wa swichi haraka, na kiganja chake kikabaki na harufu ya nywele zilizoungua.

Watoto walipotoka uani kula mkate wao, simu yake ililia. Alikuwa Kiarie, mwenzake Jackton, ambaye kazi yake ni kushika ngazi chini.

"Mama Stacy, uko poa? Sikiza. Usishtuke."

Hakuna maneno yanayoshtua mtu kama hayo. Everlyn aliketi.

"Tuko huku Loresho. Baba Stacy amepanda, amefunga mkanda, halafu kidogo amesimama tu. Hasongi. Macho iko wazi. Tunamwita hajibu. Nimejaribu kupanda nimchukue, lakini kila nikiguza ngazi inanishika mkono. Na laini imezimwa, nimepima mwenyewe. Ngazi ni ya mbao, mama Stacy."

"Amekaa hivyo tangu lini?"

"Saa nne na robo hivi."

Everlyn alikata simu akampigia mumewe. Jackton alishika kabla haijalia mara ya pili. Alikuwa anahema. Nyuma ya pumzi zake kulikuwa na mlio wa viatu kwenye mbao. Ko. Ko. Ko.

"Ever. Niko hapa. Nashuka."

"Kiarie anasema umesimama."

"Namwona Kiarie. Ako mdogo sana." Ko. Ko. "Hii ngazi ina hatua ishirini na nne. Nimeipanda miaka tatu, naijua. Sasa hivi nimehesabu mia tisa."

"Jackton."

"Chini haikaribii, Ever."

Simu ikakatika. Papo hapo ujumbe wa Kiarie ukaingia: *Simu yake inalia kwa mfuko. Hajashika. Ni wewe unapiga?*

Aliinuka ili akimbie, bila kujua anakimbilia wapi, na ndipo akamwona mgeni. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, kitabu cha wageni kikiwa wazi magotini mwake. Kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, amevaa ovaroli ya kaki ya mtindo wa zamani. Upande mmoja wa mwili wake ulikuwa safi. Upande wa pili, tangu bega hadi kiatu, ulikuwa umejaa udongo mwekundu uliogandamana. Kwenye kitabu, chini ya majina ya watoto wa shule, alikuwa ameandika pole pole kwa kalamu ya makumbusho. Jina: Zedekiah. Unatoka wapi: Juu. Saa ya kuingia: Tatu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini sana. "Nani amenitolea kibao?"

Mkono wa Everlyn uliingia wenyewe mfukoni na kushika lile bati.

"Kibao cha mtu hakiguswi," kijana akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo wanalolijua wote. "Na sasa umemweka nani?"

Hapo Everlyn alielewa, na alielewa yote kwa mara moja. Alikimbia hadi kwenye ubao, akamrudia Kiarie kwa simu, akaibana kwa bega, akashika kile kibao cha njano akivute.

Kiarie alipiga kelele. "Mkanda! Mkanda umefunguka! Anateleza!"

Akakiachilia.

"Ameshika," Kiarie akasema, analia. "Ameshika tena. Mungu wangu. Mama Stacy, unafanya nini huko?"

Nyuma yake kijana alikuwa amesogea. Hakumsikia akitembea. "Lazima pawe na jina," alinong'ona. "Huo mkono haukai mtupu. Mimi ulinitoa kabla ya kumweka huyo. Ndiyo maana nikaanguka." Akagusa sikio lake, na udongo ukamwagika kutoka ndani, mwingi, ukaendelea kumwagika. "Nimekuwa huko muda gani, mama?"

Everlyn alitazama ule udongo ukikusanyika sakafuni.

Kijana aliangalia dari, ambako taa za Jackton zilikuwa zinawaka safu kwa safu. "Taa zimekuwa nyingi," alisema. "Nilikuwa nimeacha mtoto wa miezi mitatu. Nilimwambia mama yake nitawahi chakula cha mchana."

Everlyn anasema kwamba wakati huo alimwonea huruma kama mtoto wa tumbo lake. Anataka tulijue hilo. Alilitoa lile bati mfukoni, akaligeuza upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akaokota msumari kwenye kisanduku cha vifaa. Jina lolote lingetosha. Jina lake mwenyewe lingetosha. Alikwaruza E.

Kisha mkono wake ukasimama. Aliona sweta ya Stacy iliyobaki kwenye kamba asubuhi, ambayo alikuwa ameahidi kuianua. Alimwona yule mdogo, anayelala akiwa amemshika sikio. Akasikia simuni Kiarie akisali kwa Kikuyu, haraka haraka, na mbali zaidi, au labda ni masikio yake, ko, ko, ko.

Aligeuza bati upande wa mbele. Upande wenye jina ambalo tayari lilikuwepo.

Kijana aliona. Alirudi nyuma hatua moja. "Mama. Tafadhali."

"Nisamehe."

"Si huko tena. Mama, huko hakuna mtu."

"Nisamehe, mwanangu."

Alilifunga lile bati kwenye mkono wa chuma kwa waya mpya, mizunguko mitatu, akaikaza kwa koleo. Kisha tu ndipo akakitoa kile cha njano. Hakuthubutu kugeuka. Hakusikia kelele. Alisikia pumzi moja ikivutwa, ya mtu anayejiandaa kubeba mzigo, halafu sauti za watoto uani wakigombania maji ya matunda. Alipogeuka, sakafuni palikuwa na kilima kidogo cha udongo mwekundu.

"Anashuka!" Kiarie alipiga kelele simuni. "Mama Stacy, anashuka! Amefika! Amefika chini!"

Jackton alirudishwa nyumbani saa nane mchana. Hakuwa na jeraha lolote. Alikunywa uji vikombe vitatu, akakaa akiangalia sakafu, na kila baada ya muda alikanyaga chini kwa kisigino, kujaribu kama iko. Everlyn ndiye aliyemvua viatu. Zilikuwa buti za kazi, mpya, walizonunua pamoja Mei. Visigino vilikuwa vizima na vidole vizima. Lakini katikati, pale mguu unapokanyaga ngazi, soli zote mbili zilikuwa zimeliwa hadi kwenye soksi. Anazo hadi leo. Alituonyesha.

Jioni, watoto wakiwa wanafanya kazi ya shule, Jackton alizungumza.

"Nilikutana na mtu kwa ngazi," alisema. "Yeye anapanda, mimi nashuka. Ngazi nyembamba, ilibidi tukumbatiane ndio tupishane. Baridi yake, Ever. Alikuwa analia. Akaniuliza kama yule mama wa chini ni bibi yangu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama jina lako linaanza na E." Jackton aliinua macho. "Nikamwambia jina lote. Si ni jina tu?"

Everlyn alitoka nje akaanua sweta.

Hannah alikiona kile kibao cha bati kimerudi akakasirika, lakini Mzee Gichuru alimpigia simu kutoka kitandani, na hakuna aliyejua alimwambia nini. Tangu hapo hakuna anayekigusa. Jackton sasa anafunga stima za majumbani, miguu chini. Amemwomba mkewe aache kazi mara nyingi. Everlyn anasema akiacha, wataajiri mtu mwingine, na huyo mtu atakuwa na bidii ya kupangusa. Ndiyo maana anakwenda kila siku, hata Jumapili. Anakagua kama waya umekaza.

Na anakagua nyuma ya bati. Ile E aliyoikwaruza alijaribu kuifuta kwa msasa siku ileile, mpaka bati likang'aa. Asubuhi ilikuwepo. Mwezi uliofuata pembeni yake palikuwa na V. Mwandiko ni wake mwenyewe, hata ile V yenye mguu mmoja mrefu, anavyoandika kwenye kadi za makumbusho. Wakati mwingine herufi mpya inachukua juma moja, wakati mwingine miezi miwili, na hakuna msumari unaoonekana wala vumbi la bati linaloanguka sakafuni.

Juzi tulimkuta getini akirudi, mkoba kifuani. Hatukutaka kumuuliza, lakini mmoja wetu mdomo ulimponyoka, akamuuliza imefika wapi.

Everlyn alituonyesha kidole kimoja, kwamba imebaki herufi moja, kisha akaingia nyumbani kuwapikia watoto.